Maswali mnayotuuliza kila wikiendi kuhusu kuomba wimbo

Mi ni mpiga gitaa la rizimu, bendi yetu ina watu saba na tuko Mtwara mjini. Ijumaa na Jumamosi tunapiga baa moja upande wa Shangani, siku nyingine ni harusi na sendofu, kuanzia Mikindani mpaka Masasi na Newala, na Lindi mjini tukiitwa tunaenda. Haya maswali tunaulizwa stejini, chooni, kwenye bodaboda, hata msibani nishaulizwa, kwa hiyo nimeamua kuyajibu sehemu moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu hii.

Mnakereka tukiomba wimbo?

Inategemea umeniuliza saa ngapi. Saa tatu usiku baa ina watu kumi na mbili, wote wamejibana meza za nyuma wanakula samaki, hapo mtu akija kuomba wimbo namuona kama ndugu yangu wa damu, maana ndo wa kwanza kuonyesha anajua kuna bendi. Saa sita na nusu watu wamejaa, sebene imekolea, mpiga solo kafumba macho, alafu we unapanda na chupa mkononi unanivuta shati mkono wangu uko katikati ya chodi, hapo nakereka, sikufichi.

Na kwenye bendi hatufanani. Dada yetu mwimbaji anapenda sana kuombwa, anasema akiombwa wimbo anajua watu hawajaja kwa ajili ya bia peke yake. Mpiga drams hataki hata kusikia, kwa sababu yeye ndo anayeanzisha, akikosea mwendo pale mwanzo wote saba tunaonekana hatujui kazi. Mpiga besi yeye hana neno, atapiga chochote mradi aondoke mapema.

Mbona nikiomba mnatikisa kichwa kama mmekubali alafu hampigi?

Kile kichwa maana yake "nimekuona". Mara nyingi hata sijakusikia, spika iko mgongoni kwangu, mi naona mdomo unafunguka na kufunga tu, nikikuambia "eee" ni ile ya kiungwana.

Alafu kuna jambo watu wengi hawalijui. Nyimbo hazipangwi ovyo. Tunaanza na za taratibu watu wakiwa wanakula, tunapanda pole pole, zikifika zile za kuchangamka tunaziunganisha nne tano bila kupumzika ili mtu asipate nafasi ya kurudi kwenye kiti. Sasa hapo kati we unaomba rumba la mapenzi la taratibu. Tukilipiga wanabaki wawili wanne wamekumbatiana, wengine wote wanakaa, na watu wakishakaa kuwainua ni shughuli, unaweza kupiga nyimbo tatu nzima hakuna anayesogea hata kidole. Mwenye baa naye yupo pale kaunta anatuangalia. We unaona wimbo wako mmoja, sisi tunaona ukumbi wote.

Sasa niombe saa ngapi na nimwambie nani?

Tukishuka kupumzika. Tunashuka mara mbili kwa usiku, robo saa hivi, njoo tulipokaa, salimia, sema wimbo na aliyeimba. Ukishindwa andika kwenye kikaratasi mpe mhudumu. Usimfuate mwimbaji akiwa ameshika maiki anaimba (kuna watu wanamnong'oneza sikioni na yeye yuko kwenye kiitikio, sijui wanategemea ajibu na nini), na mpiga drams muache kabisa.

Ukiandika, andika unasomeka. Tulishapewa karatasi imeandikwa "ule wa mama". Bendi nzima tukakaa tunajadili ni mama yupi, maana kwenye dansi ukitoa nyimbo za mama zinabaki chache.

Nikitoa hela ndo mtapiga?

Hapa naomba nikae kidogo maana kuna mchanganyo.

Kutunza ni kitu cha siku nyingi huku pwani, kwenye taarab ndo zaidi. Mama anainuka kwenye kiti anakuja anacheza taratibu, noti iko juu mkononi kila mtu aione, anafika mbele anamtunza mwimbaji pale pale kwenye mstari uliomgusa, anarudi anakaa. Ile ni asante kwa kinachoimbwa, haina masharti. Hata kwenye dansi ukinibandika elfu kumi kwenye paji la uso nikiwa nimelowa jasho, nashukuru sana na wimbo unaendelea.

Kununua wimbo ni jambo jingine. Anakuja jamaa anaweka noti juu ya kinanda anasema "pigeni huu sasa hivi", kama anaagiza chipsi. Kama tunaujua na muda unaruhusu tutapiga, na hela tutapokea, si malaika sisi. Kama hatuujui, hela haimfundishi mpiga besi wimbo. Na ujue ile hela inaingia kwenye kikapu, tunagawana usiku tukimaliza, elfu kumi kwa watu saba kila mmoja anapata elfu moja na mia nne na ushee, nauli ya boda. Kwa hiyo usifikirie umeninunua.

Msimu wa korosho ndo kazi ipo. Minada ikianza kule mwezi wa kumi na malipo yakaanza kusoma kwenye simu za watu, ukienda kupiga Tandahimba au Newala utashangaa, mtu ambaye mwezi wa nne alikuwa anaomba maji ya kunywa leo anaomba nyimbo sita mfululizo na kila wimbo ana noti. Tulishawahi kukuta wakulima wawili wanashindana, huyu akiomba rumba yule anatoa zaidi tusipige rumba. Tukalipwa kupiga na tukalipwa kunyamaza, usiku ule ule. Mpaka leo mpiga besi anauita usiku wa neema.

Hamuujui wimbo? Si muuangalie kwenye simu?

Aisee. Simu inampa mwimbaji maneno tu. Haimwambii besi apite wapi, haimwambii mpiga drams mahali pa kukata, na mi nikiwa natafuta chodi huku nacheka na watu, utasikia kitu kama tumbo linaunguruma. Wimbo mpya tunaufanyia mazoezi Jumanne na Alhamisi, wa rahisi unakaa siku mbili, ule wenye kona nyingi unaweza kula wiki mbili.

Alafu kuna suala la ki, yani ile sauti ya juu au ya chini wimbo unapoimbiwa. Wimbo kaimba mwanaume, anayeuimba kwetu ni dada, lazima tuhamishe ki, na ukihamisha vidole vyote vya mpiga solo vinahama, vile vidude vitamu alivyozoea kupiga kwa nyuzi za wazi havipo tena. Kwenye mazoezi hilo linatatulika. Stejini, mbele ya watu mia mbili, na shemeji wa bwana harusi amekushikia simu puani inacheza huo wimbo wakati sisi tunapiga mwingine, halitatuliki.

Wazee tukiomba za zamani mnakwepa, kwa nini?

Hatukwepi baba zangu, tunaziogopa. Mtu kazaliwa Masasi mwaka 1955, Mbaraka Mwinshehe anafariki 1979 yeye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, zile nyimbo kaziishi. Marijani Rajab alikuwepo mpaka 1995. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Sikinde 1978, na mzee wa hivi kasikiliza redio miaka yote hiyo. Ukikosea sehemu moja tu ya tarumbeta anakuimbia palepale kwa mdomo, "paa pa-paa, sio hivo mwanangu". Na tarumbeta zenyewe hatuna, kinanda ndo kinapuliza, kwa hiyo tumeanza na deni.

Ugumu wa zile nyimbo ni kwamba magitaa hayapigi kitu kimoja. Solo anaongea, gitaa la pili linamjibu, rizimu anashona katikati, ukitoa mmoja nguo inafumuka. Sisi tuna magitaa mawili tu. Kwa hiyo mzee akiomba tunampa nusu, ile hadithi ya mwanzo tunaiimba vizuri, kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, tunajitahidi. Lindi kuna mzee mmoja kila tukienda anaomba Kilwa Jazz, ile ya Ahmed Kipande, jina la kwetu huku ingawa bendi ilikaa Dar es Salaam. Mara ya kwanza hatukuwa na hata wimbo mmoja. Tukajifunza mmoja kwa ajili yake. Tulivyorudi tukaupiga, akasikiliza mpaka mwisho, akaja akasema "mmejaribu", akaenda kukaa. Yani sijawahi kupewa maksi nikazikubali kama zile.

Nyimbo za Konde Boy mnapiga?

Tunapiga, ungetaka tuishi wapi? Harmonize ni mtoto wa Mtwara, ukumbi wowote mkoa huu usipompiga kuna mtu atakuuliza kama we ni mgeni. Shida ni moja, nyimbo zake zimetengenezwa studio kwa kompyuta, sauti tano tano za yeye mwenyewe zimepangwa juu ya nyingine, sisi stejini tuna mwimbaji mmoja na waitikiaji wawili ambao mmoja ni mi na sina sauti. Tunazigeuza kuwa dansi. Vijana mwanzo wanaguna, baadaye wanacheza.

Na singeli?

Hapana. Yani singeli inakimbia mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, dansi letu ukilichangamsha kabisa halifiki hata mia na arobaini. Mpiga drams wetu ana miaka arobaini na tisa na ana presha. Mwambie DJ.

Kwenye harusi bibi zetu wakiomba sindimba?

Hili lilitupa fundisho. Tulikuwa harusini vijiji vya Newala huko, saa kumi jioni, bibi mmoja akaja mbele na mkongojo akasema basi na sisi tupigieni cha kwetu, sindimba. Mpiga tumba wetu ni mtoto wa Dar, akasema rahisi, akaanza. Sisi tukaingia juu na magitaa. Wale bibi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "mjukuu wangu, ngoma yako inapiga kelele tu, haisemi."

Na kweli. Sindimba haina ngoma moja ya kujaza nafasi, ziko kadhaa na kila moja ina kazi yake, kuna inayoshikilia mwendo na kuna ile kubwa inayozungumza na wachezaji, ikiwaambia sasa kiuno wanajua, ikiwaambia badilisha wanajua. Tumba mbili na gitaa haziwezi hiyo lugha. Tukaulizia kama kuna wapigaji pale kijijini, wakaenda kuitwa wazee watatu, vijana wakabeba ngoma, sisi tukazima vyombo tukakaa pembeni tukala pilau. Dakika arobaini hakuna aliyetukumbuka. Tangu siku hiyo tukichukua kazi ya kijijini tunauliza kabisa wakati wa kupatana bei, ngoma ya wenyeji itakuwepo? Kama ipo tunaiachia saa yake.

Naweza kuomba wimbo na kutaja jina la mtu?

Unaweza, ila tutakuuliza kwanza huyo mtu ni nani yako. Usikasirike.

Sababu ni hii. Kuna maombi ni salamu na kuna maombi ni jiwe. Huku pwani wimbo unaweza kufanya kazi ya mdomo, mtu hawezi kumwambia jirani yake ana wivu, lakini anaweza kuomba taarab ya mafumbo, akasimama kuicheza mbele ya meza ya yule jirani, anatunza noti huku anamuangalia machoni. Kwenye taarab hilo linajulikana, waliokaa wanajua ni nani anapigwa. Kwenye bendi ya dansi sisi tulikuwa washamba.

Ilikuwa sendofu mjini hapa. Mama mmoja kavaa vizuri, kaja kwa heshima zote, "wanangu naomba wimbo fulani kwa ajili ya wifi yangu, mtaje jina." Tukataja kwa sauti kubwa, tena mwimbaji wetu akaongeza manjonjo, "uko wapi wifi, simama tukuone!" Wifi akasimama anatabasamu. Mstari wa pili wa ule wimbo unamsema mtu anayekula cha watu harudishi. Tabasamu likakatika kama umeme. Kumbe kuna hela ya mchango ilipotea kwenye kamati, ukoo mzima unajua, sisi tu ndo hatujui. Wifi naye si mtu wa kukaa kimya, akaja akatoa elfu ishirini akaomba wimbo wake, na jina la kutaja. Tukawa kama posta, huyu analeta barua tunapeleka, yule anajibu tunarudisha. Barua ya tatu MC akaja kutuomba tupige ya kanisani.

Hela tulipata nyingi. Lakini bibi harusi alikuwa analia, na siyo kile kilio cha kuaga nyumbani. Ile hela niliona aibu kuigawa. Tuligawa, lakini niliona aibu.

Ndo maana tunauliza.

Naruhusiwa kupanda kuimba mwenyewe?

Wimbo mmoja, kama umekunywa chini ya bia tatu na unajua ubeti wa pili. Kila mtu anajua ubeti wa kwanza.

Wageni wa Mikindani wanaomba nini?

Wazungu wachache wanaokuja huku wote wanaomba ule wa hotelini wa kuwakaribisha wageni, wa Them Mushrooms wa Mombasa, wa mwaka 1982. Tunaupiga tukiwa tumelala. Kuna mmoja tu aliwahi kuniuliza "ninyi wenyewe mnapenda kupiga nini?" nikakosa jibu la haraka, nikampigia Mbaraka.

Kupiga nyimbo za watu si kuwaibia?

Kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo wanaoisimamia, wimbo wa mtu ukipigwa hadharani kibiashara unatakiwa kulipiwa. Mwenye ukumbi nasi tukipatana kazi tunakumbushana. Ukumbi mwingine ukitaja hilo neno unaonekana unataka ugomvi, lakini sisi nasi tuna nyimbo zetu, ikifika siku zikapigwa na wengine sitapenda kusikia sababu kama hizo.

Kuna aliyewahi kuomba wimbo mmoja mara nyingi usiku mmoja?

Mara nne. Tandahimba, msimu wa korosho. Jamaa wa makamo, kimya, amekaa peke yake. Kaomba rumba moja, tumepiga. Nyimbo mbili mbele karudi, huo huo, na hela. Tukapiga, watu wakaanza kulalamika. Karudi tena, mpiga drams akasema huyu kalewa. Mi niliyekuwa upande wake namuona hajalewa, chupa ni ya soda, na kila tukianza ananyoosha mkono juu ameshika simu, nikadhani anarekodi.

Ya nne nikashuka kumuuliza, kaka kulikoni. Akasema kuna mtu yuko Dar, nataka ausikie, lakini mtandao hapa unakata, kila mkifika kwenye ile sehemu simu inakatika. Nikamuuliza sehemu gani. Akanitajia.

Tukaanzia hapo hapo kwenye hiyo sehemu bila utangulizi, mwimbaji akashuka na maiki akasimama karibu na ile simu. Watu wakadhani ni madoido ya shoo. Nilivyomuangalia alikuwa ameiweka sikioni, anasikiliza upande wa pili, na sisi hakutuangalia tena.

Nyimbo zenu wenyewe zikiombwa mnajisikiaje?

Tunazo sita. Tunachomeka moja au mbili kila shoo, na tukianza tu naona watu wanaenda chooni, wanaenda kuagiza, wanashika simu. Nimeshazoea, ingawa kuzoea na kutoumia sio kitu kimoja. Miaka mitano hakuna aliyewahi kuomba hata moja.

Mwaka huu wakati wa kifuku, mvua imenyesha tangu mchana, baa ina watu wasiozidi ishirini, dada mmoja anayeuza samaki pale feri alileta kikaratasi kwa mhudumu. Jina la wimbo lilikuwa limekosewa, tukakisoma wote saba tukarudishiana, mpiga kinanda ndo akashtuka, "jamani, huu si wa kwetu?" Alikuwa ameandika maneno ya kiitikio, yale ya mstari wa pili, ambayo mi ndo niliyatunga na nilidhani hakuna anayeyasikia kwa sababu besi huwa iko juu sana pale.

Tukaupiga. Na tuliukosea, mpiga solo aliingia kabla ya wakati na dada yetu akaruka ubeti mzima, maana tulikuwa hatujaufanyia mazoezi tangu mwezi wa kumi na mbili, tulikuwa bize na kujifunza nyimbo mnazoomba.